Kitu Hiki Kikiitwa, Kiitikie Jina Gani?

Siku ya kwanza nilipofungua fomu ya kusajili mashairi katika maktaba ndogo ya kidijitali tuliyokuwa tukiijenga, nilifika mahali pa kuchagua mtunzi. Nikabonyeza, orodha ikakunjuka. Ndani yake hapakuwa na jina la mtu hata mmoja. Palikuwa na mistari iliyofanana kama shanga za uzi mmoja: "Mshairi object (1)", "Mshairi object (2)", "Mshairi object (3)", hadi mwisho. Watunzi thelathini na ushei, kila mmoja amegeuzwa nambari. Kijana aliyekuwa akitutengenezea mfumo akatabasamu, akaniambia, "Hilo dogo, mwalimu. Nitaliweka sawa baadaye."

Makala haya yanahusu hilo dogo. Nadai kwamba maneno yanayoonekana ndani ya orodha za fomu ni kazi ya lugha kabla hayajawa kazi ya kompyuta, na kwamba sisi tunaojiita wapenzi wa Kiswahili tumekosea kuwaachia mafundi peke yao kazi hiyo. Tukiendelea kuwaachia, mashairi yetu yatahifadhiwa salama, lakini chini ya majina ambayo wenyewe wasingeyaitikia.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuliona jambo hili, nieleze kidogo. Mfumo wetu ulijengwa kwa Django, kiunzi cha kutengenezea tovuti kilichoanzia katika gazeti la Lawrence Journal-World, mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, kikatolewa hadharani mwaka 2005. Jina lake ni la mpiga gitaa wa jazi, Django Reinhardt. Sifa yake kubwa ni kwamba ukishaieleza vitu unavyotaka kuhifadhi, tuseme washairi, mashairi na diwani, inakuundia yenyewe kurasa za msimamizi: fomu za kuongeza, za kusahihisha na za kufuta. Na pale shairi linapotakiwa kuunganishwa na mtunzi wake, inakuwekea orodha kunjuzi ya watunzi wote ili uchague mmoja.

Lakini Django haijui mshairi anaitwaje. Usipoiambia, huandika aina ya kitu, kisha neno la Kiingereza lenye maana ya "kitu", kisha nambari yake katika hifadhidata. Kuiambia si kazi kubwa. Kuna kipande kifupi cha msimbo kiitwacho `__str__`, na kazi yake ni kujibu swali moja tu: kitu hiki kikiitwa, kiitikie jina gani? Fundi huandika mistari miwili, na nambari zote zinageuka majina.

Ugumu haupo katika mistari hiyo miwili. Ugumu upo katika jibu.

Kijana wetu alijibu kwa haraka, kama wengi wanavyofanya: jina la kwanza, halafu jina la mwisho. Orodha ikapendeza. Tukashukuru, tukaanza kuingiza mashairi. Miezi michache baadaye nikapigiwa simu na mwalimu mmoja wa Tanga, mtunzi mwenye jina lake. Alikuwa amefungua ukurasa wake katika maktaba yetu akakuta mashairi kumi na moja ambayo hakuyatunga. Hakupandisha sauti. Aliniambia tu, "Ndugu yangu, mmenipa mali ya marehemu."

Kumbe tulikuwa na watunzi wawili wenye jina moja na jina moja la baba. Mmoja ni huyo mwalimu, wa pili alikuwa mzee wa Lamu aliyekwisha kufariki. Katika orodha walionekana mistari miwili inayofanana herufi kwa herufi, mmoja chini ya mwingine. Aliyekuwa akiingiza mashairi alichagua wa juu. Ungekuwa wewe, ungechagua yupi? Mashine haikukosea, na mchapaji hakukosea. Aliyekosea ni aliyeamua kwamba jina la kwanza na la mwisho linatosha kumtambulisha mtu, na uamuzi huo tuliuridhia sote kwa kukaa kimya.

Dawa yake ilikuwa maneno mawili: "wa Lamu", "wa Tanga".

Hapa ndipo nilipojiona mjinga, kwa sababu dawa hiyo tulikuwa nayo tangu zamani. Tazama shairi lolote lililochapwa katika ukurasa wa washairi wa gazeti. Mwishoni mtunzi huandika jina lake, mara nyingi lakabu yake, na mji alipo. Hakuna aliyetufundisha hivyo kwa ajili ya kompyuta. Washairi walijua kwamba majina yetu yanarudiwarudiwa, kwamba babu na mjukuu hupewa jina moja, na kwamba msomaji wa mbali anahitaji kitu cha tatu cha kumtofautishia mtu na mwenzake. Jina, lakabu, mji: hiyo ndiyo lebo kamili ya mtunzi wa Kiswahili. Iliandikwa magazetini kabla fundi yeyote hajaiuliza.

Wala si lazima lebo hiyo ndefu ionekane kila mahali. Katika Django unaweza kuliacha jina fupi litumike kwingineko, ukabadili maneno ya orodha moja tu katika fomu moja tu. Sehemu ya fomu inayochagua kitu ina kazi yake iitwayo `label_from_instance`, nayo huandikwa upya bila kugusa kitu chenyewe. Jambo hili halitupi taabu sisi. Mtu mmoja huitwa jina moja na mamaye, jingine barazani na jingine mahakamani, na yote ni yake. Juu ya ukurasa wa diwani jina fupi lina heshima yake. Katika orodha ya mchapaji anayetakiwa asikosee, jina refu ndilo lenye haki.

Suala la majina lina tabu zaidi ya hiyo. Mifumo mingi huanza na visanduku viwili, jina la kwanza na jina la ukoo, kisha huipanga orodha kwa kisanduku cha pili. Sasa mwingize Muyaka bin Haji wa Mombasa. Jina lake la ukoo ni lipi? Ukimweka kwenye herufi H kwa ajili ya Haji, umempanga kwa jina la babake, na anayemtafuta Muyaka chini ya M hatamwona. Mwingize Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake maarufu mwaka 1858. Programu inayokata jina penye nafasi ya kwanza itamfanya "Mwana" kuwa jina lake na "Kupona binti Msham" kuwa ukoo wake. Shaaban Robert naye huandikwa pia Shaaban bin Robert. Je, hao ni watu wawili? Kwa mashine, ndiyo, mpaka mtu aiambie sivyo.

Mimi naona jibu ni rahisi: kisanduku kimoja cha jina kamili kama mwenyewe anavyoliandika, kisanduku cha lakabu, kisanduku cha mji, na kisanduku cha nne kinachosema jina lipangwe kwa neno lipi. Fundi hawezi kulibuni jibu hilo peke yake, na si kosa lake. Ni elimu yetu, na elimu isiyotolewa haimfai mtu.

Tutoke kwa watunzi twende kwenye tungo zenyewe. Fomu yetu ilikuwa na orodha ya bahari. Katika rasimu ya kwanza kijana aliandika "mistari 3", "mistari 4", "mistari 5". Hakusema uongo. Lakini tathlitha, tarbia na takhmisa si hesabu tu, ni majina, na jina lisilotamkwa hufa. Kila anayefungua fomu ile akisoma "takhmisa" mara ishirini kwa siku, neno hilo limepata msemaji. Akisoma "mistari 5", limempoteza. Vivyo hivyo kwa vipande vya mshororo. Fomu ilisema "sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili". Tulibadili ikasema ukwapi na utao. Binti mmoja aliyekuwa akitusaidia kuchapa, ambaye hakuwahi kusoma arudhi, alianza kuyatumia maneno hayo katika mazungumzo wiki ile ile. Hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na fomu.

Papo hapo likazuka jambo la utenzi na utendi. Nusu yetu walisema utenzi, kama inavyosemwa kusini na shuleni. Wengine, watu wa Lamu na Mombasa, walisema utendi, na kwamba tungo za kwao hazina sababu ya kubadilishwa jina ili ziingie kompyutani. Tulibishana jioni nzima. Kijana wetu ndiye aliyetutuliza kwa kutueleza jambo ambalo hatukulijua: katika orodha ya namna hii kuna vitu viwili, thamani inayohifadhiwa na lebo inayoonekana. Thamani ni alama ya ndani tu, haionekani na msomaji, na inaweza kubaki ile ile miaka yote. Lebo unaweza kuibadili leo na kesho bila kugusa shairi hata moja. Kwa hiyo tukaandika "Utenzi, utendi", maneno mawili kwa mkato mmoja, na hakuna aliyeondoka ameshindwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba heri haikutoka upande mmoja. Sisi tulileta maneno, yeye akaleta mahali pa kuyaweka.

Nije kwenye vistari. Orodha kunjuzi ya Django ambayo haijachaguliwa kitu huonyesha vistari tisa vilivyofuatana, kama mdomo uliofumbwa. Wengi huviacha. Mimi nasema vistari hivyo vinasema uongo wa aina yake, kwa sababu vinabeba maana mbili zisizopatana. Shairi likiwa na vistari mahali pa mtunzi, je, mchapaji hajafika hapo, au tumetafuta tukakosa? Katika fasihi yetu tofauti hiyo ni kubwa. Tungo nyingi za kale zimetufikia bila jina la mtunzi, na kusema "mtunzi hajulikani" ni kauli ya mtafiti, imetolewa baada ya kazi. Kuacha patupu ni kauli ya mtu aliyekwenda kunywa chai. Sasa orodha yetu huanza na maneno "Chagua mtunzi", na ndani yake kuna chaguo linalojitegemea: "Mtunzi hajulikani". Ilituchukua dakika kumi. Kabla ya hapo tulikuwa na mashairi mengi ambayo hatukuweza kusema ni yatima au ni yaliyosahauliwa tu na mchapaji.

Sasa lije lile ambalo wapenzi wa sarufi mmelisubiri. Django ikitaka wingi wa jina la kitu, na wewe hukuiambia, huchukua umoja ikaongeza herufi s. Kwa hiyo ukurasa wetu wa mbele ulituonyesha kwa fahari: Mshairis, Shairis, Diwanis, Utenzis. Tulicheka sana. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa kuandika wingi wenyewe, na Waingereza wenyewe hulazimika kufanya hivyo kwa baadhi ya maneno yao. Kuna kasoro ya pili, isiyochekesha, nayo haitibiwi kwa neno moja.

Django huja na tafsiri ya Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na tuwashukuru waliojitolea kuifanya. Lakini sentensi zinazotafsiriwa ni violezo vyenye tundu. Kiingereza kina kiolezo kimoja cha kumwambia mtumiaji kwamba kitu kimeongezwa: weka jina la kitu tunduni, sentensi imekamilika, iwe ni mtu, kitabu au wimbo. Kiswahili hakikubali. Mshairi ameongezwa. Shairi limeongezwa. Utenzi umeongezwa. Diwani imeongezwa. Kitabu kimeongezwa. Hata kitufe cha kuongeza kimoja zaidi kina tabu hiyo: mshairi mwingine, shairi jingine, diwani nyingine, kitabu kingine. Mfumo wa tafsiri unaotumiwa, uitwao gettext, unajua kuuliza kama vitu ni kimoja au vingi. Haujui kuuliza ni vya ngeli gani. Basi mtafsiri huchagua upatanisho mmoja, na ngeli nyingine zote zinavunjwa mifupa.

Wapo wanaosema hilo halidhuru, mtumiaji anaelewa. Anaelewa, kweli. Lakini mtoto anayejifunza Kiswahili mbele ya kioo cha simu, akisoma "shairi imeongezwa" kila siku, naye anaelewa: anaelewa kwamba ndivyo inavyosemwa. Sarufi haibomolewi kwa tamko. Hubomolewa na kitufe kinachobonyezwa mara elfu.

Dawa ipo, lakini inamtaka mtu mwenye sikio. Unaweza kutafuta sentensi ambayo tundu lake halidai upatanisho. "Umeongeza shairi" hufaa, "umeongeza utenzi" hufaa. Lakini ukifika kwa mtu, Kiswahili kinataka "umemwongeza mshairi", na kiolezo kinavunjika tena. Ukisema "Uongezaji wa mshairi umekamilika", umepata sentensi isiyovunjika kwa ngeli yoyote, maana kiima chake ni uongezaji wenyewe. Ila inanuka karatasi za ofisini. Sisi tulifikia neno moja: "Tayari", kisha nukta mbili, kisha jina. Tayari: utenzi. Tayari: mshairi. Fupi, safi, na hakuna ngeli iliyoumizwa. Nakiri kwamba sijapata kulitafuta neno kwa uangalifu hivyo hata katika baadhi ya beti zangu. Na ni kazi ile ile: una mizani iliyokazwa, una mahali ambapo neno lolote litaangukia, na unatafuta kauli itakayosimama.

Haki inanitaka nizitaje hoja za upande wa pili, na mbili kati yake zina uzito.

Ya kwanza ni ya gharama. Lebo nzuri inaweza kuichosha mashine. Ukiandika kwamba mtunzi aitikie jina pamoja na mji, na miji imehifadhiwa mahali pengine, basi kwa kila mtunzi katika orodha mfumo unaweza kurudi hifadhidata kuuliza mji wake. Watunzi mia tano, maswali mia tano ya ziada, na ukurasa unakokota. Hoja hiyo ni ya kweli, na mafundi wana jibu lake: huagiza miji ije pamoja na watunzi kwa swali moja, kwa amri iitwayo `select_related`. Na orodha ikizidi kuwa ndefu, haifai tena kukunjuka yote. Tangu toleo la 2.0 Django inakuruhusu kuweka kisanduku cha kutafuta, ukaandika herufi chache na majina yanayofanana yakajitokeza. Lakini hata hapo kinachojitokeza ni lebo. Ikiwa mbaya, umeufikia ubaya upesi zaidi.

Ya pili ni ya wakati. Fundi ana kazi nyingi, fedha ni kidogo, na fomu za msimamizi huonwa na watu watatu au wanne tu. Msomaji wa kawaida hafiki huko. Kwa nini tugombanie maneno ya chumba cha nyuma? Nami najibu kwamba chumba cha nyuma ndipo vitu vinapopewa majina. Msomaji wa mbele huona matokeo tu. Yule mzee wa Lamu hakupoteza mashairi yake mbele ya umma. Aliyapoteza chumba cha nyuma, katika orodha iliyoonwa na watu watatu.

Ombi langu kwenu, ndugu zangu washairi, ni dogo. Ukisikia chuo, chama au maktaba ya mahali pako inaunda hifadhi ya tungo, usingoje ualikwe siku ya uzinduzi kusoma shairi la kuisifu. Nenda mapema. Mwombe fundi akuchapie karatasi moja yenye lebo zote za fomu na maneno yote ya orodha. Yasome kwa sauti. Jiulize kwa kila moja: mtu wa kwetu angesema hivi? Mbele ya majina mawili yanayofanana, ningejua nimchague nani? Kisha kaa na fundi mezani, umsikilize naye, maana anajua mambo usiyoyajua.

Yule mwalimu wa Tanga tulimwomba radhi, na mashairi kumi na moja yakarudi kwa mwenyewe. Wiki mbili baadaye alinitumia karatasi aliyoandika kwa mkono, ina majina ya watunzi wote wa mji wake anaowajua, kila mmoja na lakabu yake na mtaa wake. Juu yake aliandika, "Ili msichanganye tena." Tumeiingiza yote.